Mrumi wa Kwetu Mlimani

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili hiyo. Kikombe kilichonywewa na mwingine sikigusi. Mtu akipiga chafya karibu na sufuria yangu, chakula hicho ni chake, akile peke yake. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja pua. Kwa hiyo mkinisikia hapa nikieleza habari za mate, mjue sielezi kwa kuyapenda. Naeleza kwa sababu katika miaka ile ya hamsini niliona jambo la kutapisha kuliko mate, na lilifanywa na mtu msafi kabisa, mwenye leso iliyopigwa pasi mfukoni.

Mtu huyo ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu katika shule ya kwetu, kule juu milimani Taita. Kaka wa pili alimfuata mgongoni, yaani waliachiana ziwa, na mimi nikaja nyuma nikiwa kitinda mimba. Kaka wa pili hakusoma sana. Alilima, na msimu wa njaa alishuka kukata mkonge huko chini kwenye mashamba ya Wazungu, akirudi na mikono iliyochanika. Mimi nilikuwa nimeolewa Voi, nikikaa mtaa wa Kaloleni na mume wangu aliyefanya kazi ya reli, na nilikuwa na cherehani yangu. Nawaeleza mapema ili tusichanganyane.

Baba alipokufa aliacha shamba moja lenye mteremko, na hakuligawa. Aliona wanawe watakaa kama yeye alivyokaa na ndugu zake, huyu analima hapa, yule pale, na chemchemi ya juu ni ya wote. Mama alikaa katikati, kwenye nyumba ile ile ya zamani, akila kimanga kwa mwana huyu jioni hii na kwa mwana yule jioni nyingine. Kimanga ni mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na mama alisema hakuna mkwe wake aliyejua kukiponda, lakini sahani aliirudisha tupu.

Halafu kaka mkubwa akapata kitabu cha historia. Kulikuwa na kitu gani ndani ya kitabu kile, mimi sijui, ila kilimwingia kama homa. Ni habari za watu walioanzisha mji wa Roma. Jioni moja nilipopanda kuwasalimu, tukiwa tumeketi kwa mama, alituhadithia kwa sauti ya darasani. Kwanza kulikuwa na bwana mmoja ambaye mji wake ulichomwa moto na maadui, akatoroka amembeba babake mzee mgongoni na kumshika mwanawe mkono, akasafiri mbali hadi akapata nchi mpya. Mama aliipenda hiyo. Alipiga makofi kabisa.

"Huyo ndiye mtu," alisema. "Huyo mamake alizaa."

"Huyo ni babu yao wa mbali tu, mama. Hakujenga Roma yenyewe." Kaka akaendelea na wale mapacha wawili wa ukoo huo huo, waliotupwa mtoni wakiwa wachanga, wakaokotwa na mbwa mwitu jike akawanyonyesha.

"Phu!" mama alisema. "Mbwa mwitu? Wale wanaokula mbuzi na kunuka?"

Mimi nilishaweka chini bakuli langu la uji. Lakini kaka hakuona. Macho yalikuwa yanamng'aa. Alisimulia jinsi mapacha walivyokua, wakataka kujenga mji, mmoja akajenga ukuta, mwenzake akaucheka akauruka, na yule mwenye ukuta akamuua ndugu yake pale pale. Akasema, na afe vivyo hivyo kila atakayeuruka ukuta wangu. Na mji ukawa mkubwa kuliko miji yote, na ukapewa jina la muuaji.

Mama aliuliza: "Na mama yao alisema nini?"

"Mama yao hatajwi hapo."

"Ahaa," mama alisema, akainuka kwenda kulala.

Likizo ya shule ilipofika, kaka mkubwa alijenga ukuta. Sisemi kwa mfano. Alikusanya mawe, na kwetu mawe hayanunuliwi, akayapanga kutoka mgomba wa juu hadi barabarani, kimo cha goti la mtu mzima. Upande wake ukabaki na chemchemi, na upande wa kaka wa pili ukabaki na mteremko mkavu. Nyumba ya mama iliangukia upande wa chemchemi, bila shaka, maana nani angetaka kusemwa amemtupa mama? Alipoulizwa alijibu kwamba serikali yenyewe sasa inataka kila mtu ajue mpaka wake, na kwamba maendeleo huanza na mpaka. Ebo! Maendeleo. Wana wa kaka wa pili waliuruka ukuta ule na mitungi kichwani, wakienda kuteka maji walikoteka tangu wazaliwe, na kaka mkubwa akatoka mlangoni na kanzu ya kulalia na kuwapigia kelele. Kisha akamwambia ndugu yake mbele ya watu: "Atakayeuruka ukuta huu tena, mimi na yeye hatujuani."

Maneno kama hayo, kwetu, hayaachwi chini yakaozea hapo. Ngoja nieleze jambo hili, kwa sababu ndilo lenyewe. Watu wa kwetu waliamini kwamba hasira ya ndugu ni sumu. Hata kama mwenye hasira hafanyi lolote, hasira yake inatambaa yenyewe, inaingia kwa watoto wa nduguye, kwa mbuzi, kwa mahindi. Dawa yake ni kutasa. Mnakaa pamoja, mnaleta kibuyu cha pombe ya miwa, ile tuiitayo mbangara. Mwenye hasira anasema wazi, kama nina hasira na ndugu yangu, itoke. Kisha anapiga funda, na analipuliza nje kwa midomo, puuu, linatawanyika kama manyunyu. Yanawarukia wote walioketi. Nilikuwa mtoto nilipoona baba na ami yangu wakitasiana, na tone moja likaniangukia kwenye mdomo wa juu. Nililia mpaka nikatapika. Walinicheka, lakini nakumbuka baba na ami waliondoka pale wameshikana mikono.

Na kulikuwa na sharti moja ambalo hata mtoto alilijua. Funda lile halimezwi. Ukishasema maneno ukameza, hasira imerudi tumboni kwa ridhaa yako, na hapo hakuna wa kuitoa tena.

Basi mama akamwomba mwanawe mkubwa atase. Alimwomba asubuhi, alimwomba jioni. Kaka mkubwa akasema yeye ni mtu wa kanisa na mwalimu wa watoto, hatemi pombe kama mshenzi. Mama akamwambia, nami pia nimebatizwa, tena kabla yako, nani kasema pombe? Tema maji. Mungu hashindwi kuyajua maji. Akakataa. Alisema ni uchafu, ati unaeneza magonjwa ya kifua. Nami, Mungu anajua, juu ya uchafu nilikuwa upande wake! Ndiyo maana yananiuma.

Kaka wa pili alichoka. Alisikia kwamba chini Taveta, pande za Mboghoni, kuna ardhi yenye mifereji na migomba inayofika paa, na mtu akienda kwa adabu anaonyeshwa mahali pa kulima. Akauza mbuzi wake, akafunga vyombo, akasema anahama na mkewe na watoto. Mama hakulia. Aliniagizia Kaloleni nipande haraka, akanieleza taabu yake waziwazi. "Mwanangu anaweza kwenda. Watu huenda. Lakini hawezi kwenda na neno lile mgongoni mwa watoto wake. Kaka yako mkubwa sharti ateme kabla mdogo wake hajapanda gari la moshi. Nisaidie."

Nilipofika juu nilikuta kaka mkubwa naye ana haja na mimi, na haja yake ilikuwa mashuka. Afisa wa elimu, Mzungu, alikuwa anakuja kuitembelea shule, na kaka alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza, kuanzishwa kwa mji wa Roma, kwa Kiswahili safi. Yeye mwenyewe ndiye mwanzilishi. Nduguye wa kuuawa aliigizwa na mwalimu mwenzake, mtu mnene mpole aliyependa kuchekwa. Mimi nishone mavazi ya Kirumi. Nilishona, maana nilitaka nipate nafasi ya kusema naye, na kila nilipofungua mdomo akaniambia nimpunguzie hapa kwapani.

Mungu wangu, mchezo ule! Mbwa mwitu ilikuwa meza ya darasani iliyofunikwa ngozi ya mbuzi ambayo haikukaushwa vizuri. Nzi walijua habari kabla ya wageni. Chini ya meza walining'iniza vibuyu viwili vya uji, na watoto wawili wa darasa la kwanza wakaingizwa humo kunyonya, uji ukiwachirizika shingoni, nzi wakiwafuata mdomoni. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na mama, na kaka wa pili nyuma yetu na familia yake, kwa sababu mama alimsihi aje aage kiungwana. Nilifunika pua kwa kanga. Afisa wa elimu alicheka kwa furaha na kupiga picha.

Kisha kaka akatoka. Alipendeza, siwezi kukataa, shuka langu lilimkaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wamepanga mawe jukwaani, na wallahi niliyatambua mawe yale, aliyatoa ukutani kwetu akayabeba na toroli. Mwalimu mnene akauruka ukuta kwa mbwembwe, watu wakacheka. Kaka akachomoa upanga wa mti, akampiga ubavuni, mwenzake akaanguka kwa kishindo. Naye akaweka mguu juu ya tumbo la mtu yule, akainua sauti. Alipaswa kusema maneno ya kitabuni. Lakini alimtazama kaka wa pili palepale alipoketi, akasema: "Atakayeuruka ukuta huu tena, mimi na yeye hatujuani!"

Watu wa kwetu wote walijua maneno yale yametoka wapi. Afisa wa elimu peke yake ndiye aliyepiga makofi, halafu mwalimu mkuu akamfuata, halafu wengine, kwa kuwa mgeni anapopiga makofi huwezi kukaa na mikono yako magotini. Nikayasikia makofi yakienea mpaka nyuma. Nikafunika pua tena kwa kanga. Si ngozi ya mbuzi, si uji. Ni yale makofi. Watu wazima, waliozikwa vitovu vyao mlima huo huo, wanamshangilia mtu anayekanyaga tumbo la nduguye kwa sababu eti huko mbele kutakuwa na mji.

Mama akainuka. Miguu yake ilikuwa mibovu wakati huo, alitembea akinishika bega. Akapanda jukwaani, akatoa kibuyu kidogo chini ya shuka lake, akamnyooshea mwanawe.

"Maji tu," alisema. "Mchezo umekwisha. Sasa tema, ndugu yako anaondoka kesho."

"Mama, shuka chini. Unaniaibisha."

"Tema, mwanangu."

"Mbele ya mgeni?" Alikuwa akitabasamu kwa upande wa ukumbini na kusaga meno kwa upande wetu. "Mambo ya kishenzi haya. Dada, mwondoe mama."

Sikumwondoa. Aliyekuja ni kaka wa pili. Alipanda, akapokea kibuyu mkononi mwa mama, akasema bila kupaza sauti: "Kama mimi nina hasira na kaka yangu, itoke." Akapiga funda, akapuliza. Maji yalimpata kaka mkubwa kidevuni na kifuani, yakalowesha shuka langu. Yule akatoa leso iliyopigwa pasi, akajifuta kidevu polepole, kama mtu aliyetemewa na ngamia, akamwambia afisa kwa Kiingereza kwamba huo ni mwendelezo wa mchezo, mila za kienyeji. Afisa akapiga makofi tena.

Mama akanishika bega tena, tukaenda nyumbani. Hapo akaniambia nimfungie mashuka yake na chungu chake. "Mwenye ukuta abaki na ukuta wake," alisema. "Mimi nakwenda Mboghoni."

Asubuhi kaka wa pili alimbeba mgongoni kutoka mlangoni hadi kwenye lori, njia yote ya mteremko, na mwanawe mdogo akimshika pindo la shati. Niliona hivyo nikakumbuka yule bwana wa mji uliochomwa, nami nikifuata nyuma na chungu. Tulipopita penye ukuta, kaka wa pili alizunguka mpaka mwisho wake, hakuuruka.

Stesheni ya Voi naijua kama jiko langu. Mafuta, makaa, ndizi zilizooza, mikojo nyuma ya ghala. Siku hizo serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na mara nyingine zilipita treni zenye wafungwa na askari wenye bunduki, sote tukitazama pembeni. Siku ile ilikuwa shwari. Gari la Taveta lilikuwa limeshasimama, na la Mombasa lilikuwa linangojewa upande wa pili. Tulimketisha mama juu ya mzigo wa nguo. Kibuyu chake alikipakata. Nilimwuliza anangoja nini asiingie apate nafasi ya dirishani. Akasema, "Nina wana wawili."

Na kweli, akaja. Kaka mkubwa alishuka kwenye lori la kuni, vumbi mpaka kwenye nyusi, bila koti, bila tai. Sikuwahi kumwona hivyo. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mama akachuchumaa.

"Mama, rudi nyumbani. Watu watasemaje?"

"Tema," mama alisema.

Alitazama kushoto na kulia. Hakuna aliyejali, kila mtu alikuwa na mizigo yake. Akamtazama ndugu yake, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa behewa na mtoto mkononi. Na nawaambia, uso wake ulivunjika. Niliona yule kaka aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kuchuma zambarau. Machozi yalimlengalenga. Akapokea kibuyu, akasema, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia: "Kama nina hasira na ndugu yangu, itoke." Akapiga funda. Mashavu yakajaa.

Mama alifumba macho na kuinua uso, akingoja yale manyunyu. Mimi pia nilisogea. Mimi! Nilisogea karibu ili yanipate.

"Mwalimu! Mrumi wetu!"

Alikuwa yule afisa wa elimu, anangoja gari lake la Mombasa, kofia mkononi, anatujia huku akicheka. Kaka mkubwa akainuka wima. Mashavu yamejaa, macho yamemtoka, anamtazama Mzungu, anamtazama mama aliyefumba macho. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu. Kupuliza tu. Mtoto anaweza.

Nikaliona koo lake likipanda, likashuka. Akameza. Kisha akasema, kwa Kiingereza kizuri sana, habari za asubuhi, bwana, na wakapeana mikono.

Mama alifumbua macho. Alikuwa amesikia ile sauti ya kumeza, ilikuwa karibu. Akamnyooshea kaka wa pili mikono kama mtoto, naye akamwinua akamwingiza ndani. Sikumwona tena mama akitazama upande wetu. Kipenga kikalia, gari likajivuta, na wifi yangu ndiye aliyepunga kanga dirishani peke yake.

Afisa alipokwenda zake, kaka mkubwa akanijia. Kibuyu kilikuwa bado mkononi mwake, na kwa mkono wa pili alikuwa anajifuta mdomo kwa leso, kona moja, kisha nyingine. Uso wake ulikuwa umerudi mahali pake.

"Umeona, dada?" alisema. "Amenikumbuka."

Nikatema mate chini, mbele ya viatu vyake, watu wakiona. Ndiyo mara pekee maishani mwangu nimetema mate mbele za watu, na hayakuwa ya kutasa.